Nilifuata Namba ya Chini

Jumanne ile niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu nikiwa nimekumbatia madaftari matatu, nikayatua mezani mbele ya kamati ya wazazi kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Hakuna aliyeniita. Nilijiita mwenyewe.

"Mzee Mulama," akasema Mama Nzembi, mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa kuuza vitambaa ambaye sauti yake ilizoea kushindana na soko zima. "Hapa tunazungumza mambo ya mtihani. Ya ufagio tutayafikia."

Wakacheka. Mwalimu Mkuu Muturi aliwashinda wote kwa kicheko, nami nikajua anacheka kwa kuwa anaogopa.

"Ni ya mtihani nimeleta," nikasema.

Kazi yangu ilikuwa kufagia maabara ya shule yetu ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi hapa Kaloleni, kuosha vioo na kufuta ubao. Mwaka wangu wa kwanza nilifuta maandishi ambayo mwalimu mmoja alikuwa bado anayahitaji. Hakuwa ameandika popote kwamba yasifutwe, lakini barua ya onyo niliandikiwa mimi, na Muturi ndiye aliyeitia sahihi. Tangu siku hiyo nikakata shauri: sitafuta neno la mtu bila kulinakili kwanza. Kila jioni nilisimama mbele ya ubao na daftari, nikachora herufi moja moja nilivyoziona, nikaweka tarehe, ndipo nikafuta. Nilisoma hadi darasa la tatu tu. Mengi sikuyaelewa. Lakini atakayekuja kunishtaki tena atanikuta na ushahidi.

Nao ushahidi sasa ulikuwa umepata kazi nyingine. Mwezi huo wa Julai, mwaka wa themanini na moja, shule kadhaa za Eastlands, upande wetu wa Nairobi, zilifanya mtihani mmoja wa majaribio wa kidato cha nne. Katika karatasi ya kemia kulikuwa na swali lililowatoa watoto jasho: elementi nne, strontiamu, rubidiamu, seleniamu na teluriamu, kila moja itapoteza elektroni ngapi au itapata ngapi? Mwalimu Waruguru, binti aliyekuwa ameajiriwa mwaka ule ule kufundisha kemia, alikuwa amefundisha elementi ishirini za kwanza tu, na hizo nne hazikuwamo. Darasa zima liliacha swali hilo wazi. Msichana mmoja peke yake alilijibu, akapata tatu kati ya nne. Jina lake Wangeci. Alikuwa mtoto wa dada yake Muturi, akilala nyumbani kwa Muturi. Na karatasi za mtihani zililala siku mbili ndani ya kabati la Muturi.

Kamati ilikuwa na jambo moja la kuamua: Wangeci abaki kwenye orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa Novemba, au jina lake lipigwe mstari. Mstari huo ukishapigwa, msichana wa watu anarudi kijijini kushika jembe.

"Haya madaftari," nikawaambia, "yana kila neno lililoandikwa kwenye ubao wa maabara kwa miaka mitatu. Tafuteni humo strontiamu. Tafuteni seleniamu. Hamtaziona. Ubao ninaufuta mimi. Mtoto hawezi kujua kitu ambacho hakikuandikwa. Basi amepewa."

Mama Nzembi akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Hakucheka tena. Muturi alikuwa anaitazama meza. Wakasema watamwita msichana Ijumaa, wamsikilize, kisha waamue.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Sitaficha. Mke wangu Asenath alizidiwa na homa ya mapafu mwaka wa sabini na tisa, asubuhi, shule ikiwa wazi na pikapu ya shule imeegeshwa chini ya dirisha la ofisi. Nilimwomba Muturi atufikishe hospitali. Akanijibu, "Pikapu ni ya shule, si ya wafanyakazi." Nikamsukuma Asenath kwa mkokoteni wa mwuza maji, nimemfunika leso usoni ili watu wasimkodolee macho. Tulifika. Tulichelewa kufika. Tangu hapo kila mtu mwenye funguo za ofisi, awe wa shule, wa hospitali au wa halmashauri, namtazama mikono kabla ya uso.

*

Alhamisi mchana nilikuwa ninapanga vioo kabatini nikasikia wavulana wakipiga kelele dirishani.

"Wangeci! Ya Novemba iko wapi? Si ugawie watu wako!"

"Muulize anko wake, bwana!"

Msichana akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama ameuegemea. Alikuwa mwembamba, sare imefifia kwa kufuliwa, kucha zimekatika za mtu anayesugua masufuria. Nilishangaa. Mpwa wa mkubwa nilimtarajia awe na mikono laini.

"Mzee, wewe ndiye ulisema nimepewa?"

"Ni mimi."

"Uliniona nikipewa?"

"Sikukuona ukipewa. Sikukuona ukifundishwa pia."

"Hiyo ni kweli," akasema. "Sikufundishwa."

Nilidhani atalia, nikajiandaa kutolainika. Hakulia. Alikwenda ukutani kwenye jedwali la elementi, chati kubwa ya vijumba vya karatasi vilivyobandikwa kimoja kimoja, tuliyopewa na shule nyingine ilipopata mpya, akasimama mbele yake kama mtu aliyesimama mbele ya nyumba yao.

"Mimi nakaa dawati la mbele," akasema. "Miaka minne inanitazama hii. Mwalimu alitufundisha ishirini. Lakini zile ishirini zina mpango. Ukijua elementi imekaa wapi, unajua itafanya nini."

"Hayo nimeyasikia maisha yangu yote," nikamwambia. "Kila ofisi huniuliza: unakaa wapi? Kaloleni? Basi simama pale."

Akanitazama, hakujua kama acheke. "Hapa ni tofauti kidogo, mzee. Njoo uone."

Sikwenda. Nilimsikiliza kutoka kabatini, chupa mkononi. Alisema kila safu ya kutoka juu hadi chini ni ukoo mmoja. Walio safu ya kwanza kila mmoja ana elektroni moja nje kabisa, peke yake, inayomhangaisha, naye huitoa kwa yeyote atakayeipokea. Wa safu ya pili hutoa mbili. Wa safu ya saba amebakiza moja tu atimize nane, kwa hiyo huitafuta kwa nguvu. Wa sita hutafuta mbili. Baba mkubwa, baba mdogo, wajukuu kule chini, wote wa safu moja wana tabia moja, hata kama hujawahi kuwaona.

"Na hawa wa mwisho?"

"Hao wametosheka. Hawatoi, hawapokei, hawashikani na mtu."

"Na hawa wa katikati?"

"Hao Mwalimu alisema tusiwaguse. Wana mambo mengi."

"Aa," nikasema. Palipo na mambo mengi ndipo wakubwa huficha vitu.

Lakini nilikuwa na funguo. Kitabu cha kemia kilikuwa kimoja shule nzima, cha mwalimu, kimefungiwa kabati la juu, na nyuma yake kulikuwa na orodha ya elementi zote, kila moja na alama yake: jumlisha kwa anayetoa, ondoa kwa anayepokea, na idadi. Nilikitoa, nikampa msichana mgongo, nikakishika karibu na kifua kama mcheza karata. Nikanyoosha mpini wa ufagio nyuma yangu hadi ukutani.

"Hii."

"Sesiamu. Safu ya kwanza. Inapoteza moja."

Nikatafuta jina hilo orodhani. Alama ya jumlisha, moja.

"Hii."

"Bromini. Inapata moja."

Ondoa, moja. Nikagonga pengine, na pengine. Sikumwambia kama amepata au amekosa, maana sikutaka asome sauti yangu. Alipata zote. Ndipo nikageuka, nikasogea ukutani, nikaweka kidole changu mwenyewe juu ya kijumba chenye herufi B na a. Nikahesabu safu kwa midomo. Ya kwanza, ya pili. Nikasema moyoni: huyu anapoteza mbili. Nikafungua kitabu. Jumlisha, mbili.

Nilirudia na nyingine. Nilirudia mara tatu. Kila mara kitabu kilinijibu kile nilichokwisha kusema. Hakuna aliyenipa. Neno lile sikuwahi kulinakili, sikuwahi kulifuta, nami nililijua. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, niliona haya kama niliyefumaniwa.

"Moja uliikosa," nikamwambia. Bado nilikuwa nang'ang'ania. "Katika nne, ulikosa ipi?"

"Teluriamu. Niliandika inapata moja. Mwalimu akaweka mkasi wa kukosa, akasema ni mbili." Akakunja uso. "Sijui kwa nini, mzee. Nimeiangalia mara mia. Tazama, iko safu ya saba. Hata kwenye mtihani niliichora chati yote kwa penseli nyuma ya karatasi nisije nikasahau. Ya saba inapata moja. Hiyo tu ndiyo inaniuma. Nikipewa majibu, si ningepewa na hilo?"

Nikaisogelea teluriamu. Ilikuwa chini upande wa kulia, ndani ya safu ya saba kama alivyosema, jirani yake kushoto ikiwa ayodini. Nikafungua kitabu mahali palipochorwa jedwali dogo. Kitabuni teluriamu ilikuwa ya sita. Ayodini ndiyo ilikuwa ya saba.

Nikasugua kijumba kwa ukucha. Kikatoka unga mweupe.

Mvua ya Aprili ilikuwa imevuja pale ukutani. Vijumba viwili vilibanduka vikaanguka sakafuni, namba zao za juu zimelowa hadi zikafutika. Sikumwambia mtu. Nilijua nikisema nitaandikiwa barua nyingine. Nilipika gundi ya unga wa ngano, nikaviangalia vile viwili mkononi. Nilikuwa nimeona kwamba namba za chini nazo huongezeka ukienda kulia. Kimoja kilisoma 126.9, kingine 127.6. Ndogo hutangulia. Nikavibandika kwa mpangilio huo, nikavikandamiza kwa kitambaa, nikajisifu kwamba kazi ya kichwa nimeiweza.

"Mzee?" akauliza Wangeci. "Umeona nini?"

"Nenda nyumbani," nikasema. "Kesho usichelewe."

*

Saa kumi na moja nilirudi nyumbani nikifuata reli. Sikuwa na haraka. Nilijaribu kutafuta mtu wa kumlaumu, na kwa kawaida simkosi. Waruguru, aliyefundisha ishirini tu. Paa, na halmashauri iliyoacha paa livuje. Kila niliyemtaja alisimama kidogo mbele yangu, kisha akapita. Nilibaki na gundi.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Muturi ataanguka, nami nitamwona akibeba sanduku lake hadi getini, na wallahi nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka miwili. Nikisema, Muturi atabaki kitini, na mimi ndiye niliyeharibu mali ya shule kisha nikaficha. Na tena nikawaza: labda msichana aliliona hilo la gundi mapema. Labda alinivuta hadi ukutani makusudi. Nilisimama kabisa njiani kuipima fikira hiyo. Ilikuwa fikira yangu ya kila siku, ile ninayowawazia watu wote, na kwa mara ya kwanza niliinusa nikaona inanuka.

Asenath alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Nikimlalamikia mtu, alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Sikuwahi kumjibu.

*

Ijumaa meza ilikuwa ile ile. Wangeci alikaa kando ya mlango, magoti yameshikana. Muturi alikuwa amevaa tai.

"Mzee Mulama," akaanza Mama Nzembi, "rudia maneno yako ya Jumanne, binti ayasikie."

"Nilisema neno lile halikuwahi kuandikwa ubaoni. Hilo ni kweli, na leo nalirudia. Kisha nikaongeza kwamba basi amepewa. Hilo halikutoka kwenye daftari. Lilitoka tumboni mwangu."

Nikatoka, nikarudi na chati mgongoni. Nilikuwa nimeibandua ukutani alfajiri. Nikaitandika mezani juu ya karatasi zao, na kitabu cha Mwalimu Waruguru kando yake.

"Mwalimu," nikamwambia Waruguru, "tafadhali onyesha kamati teluriamu iko wapi kitabuni. Kisha onyesha iko wapi hapa."

Waruguru akainama. Nilimwona akitazama mara moja, mara ya pili, kisha akaweka mkono mdomoni. "Zimebadilishana," akasema polepole. "Yesu wangu. Na mimi nafundisha chini ya chati hii tangu Januari."

"Tangu Aprili," nikasema. "Januari ilikuwa sawa. Niliibandika mimi."

Nikawaeleza mvua na gundi na namba ya chini. Waruguru akasema namba ya juu ndiyo inayopanga, na kwa hao wawili mzito humtangulia mwepesi. Mzee mmoja wa kamati, fundi viatu, akaniuliza huku akizuia kicheko, "Kwani wewe ulisoma hadi la ngapi?"

"La tatu. Ningefika la pili tu, ningeviacha sakafuni."

Wakaangua kicheko, hata Mama Nzembi. Nilisubiri kiishe.

"Sasa geuzeni karatasi ya mtihani ya huyu mtoto. Nyuma."

Waruguru akaigeuza. Ilikuwa pale, kwa penseli hafifu, vijumba vidogo vidogo kama mizinga ya nyuki. Akafuata kwa kidole hadi chini kulia. Ayodini safu ya sita. Teluriamu safu ya saba.

"Majibu yaliyotumwa na waliotunga yalisema mbili," akasema Waruguru. "Aliyeyaona hayo angeandika mbili. Kosa hili haliko Nairobi nzima. Liko kwenye ukuta wetu tu."

"Lakini hizo nyingine alizijuaje bila kufundishwa?" Mama Nzembi hakuwa mtu wa kuuziwa haraka. "Mimi nauza kitambaa, sinunui maneno. Mtoto ajibu."

"Asijibu yeye," nikasema. "Mkisema amekariri? Niulizeni mimi."

Mama Nzembi akaivuta chati karibu. Kisha akazungusha kidole chake chenye pete juu ya chati, akakitua kwenye kijumba cha chini kabisa upande wa kushoto ambacho sikuwa nimewahi kukijali. "Hii hapa."

Nikahesabu. Nilisikia pumzi za watu. "Safu ya pili. Inapoteza mbili."

Waruguru hakuwa na haja ya kufungua kitabu, lakini alikifungua, akasoma, akakigeuza ili kila mtu aone.

Mama Nzembi akachukua kalamu. Jina la Wangeci lilibaki kwenye orodha. Hakukuwa na hotuba. Fundi viatu alitaka ijadiliwe barua ya onyo kwangu kwa kuficha uharibifu, na Mama Nzembi akasema, "Andika, mzee wangu, lakini uandike na paa," wakafunga kikao.

Muturi alinikuta nje, chini ya dirisha lake. Akanyoosha mkono. "Mulama, Mungu akubariki. Kumbe huna kinyongo."

Sikuupokea. "Nimesema juu ya msichana, Mwalimu Mkuu. Juu ya pikapu hatujaanza."

Mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka. Alitazama pale gari linapoegeshwa. "Siku ile tangi lilikuwa kavu," akasema. "Mafuta yalikuwa yameisha tangu juzi yake. Niliona haya kukwambia kwamba shule haina hata ya kuwasha injini."

"Ikawa rahisi kusema mimi si mtu wa kubebwa."

Nilitazama mikono yake, nikatazama uso wake. Sikujua kama anasema kweli. Watu hawakai kwa safu, na hakuna kitabu kabatini cha kunionyesha jibu lake. Nilimwacha amesimama pale. Kesho yake tulisalimiana, basi.

Nilirudi maabara. Wangeci na Mwalimu Waruguru walikuwa wameilaza chati kwenye meza ndefu na kuchemsha maji kidogo. Nikalowesha kitambaa, nikakilaza juu ya vile vijumba viwili hadi gundi ikaanza kuteleza. Kimoja kikanyanyuka, cha pili kikafuata. Pale vilipokuwa pakabaki madoa mawili meupe yaliyo sawa kabisa.

Nilikuwa nimezoea kufanya kazi chumba kikiwa kitupu. Mtu akisimama nyuma yangu hugeuka nimuulize anatafuta nini. Wangeci alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya sare yake.

"Sogea hapa mbele, mwanangu," nikamwambia. "Nitazame mikono. Nikikosea, sema."